Sista wa Karo la Kahawa

Jina lake nalijua, ila siliandiki hapa, kwa sababu na yeye langu hakuwahi kulitumia. Miaka yote aliniita Paja. Kulikuwa na mama mmoja wa Itaka, mzee wa kanisa, mtu wa vitenge vya gharama na sauti ya kuongoza kwaya, naye aliitwa Kiuno mbele ya mchungaji mzima, na akaitika "abee". Mwingine Goti la Kulia. Mwingine Bega. Ukifika kwake na kidonda chako, ndiyo ubatizo wako huo. Ukipona ndiyo unarudishiwa jina la wazazi wako.

Sisi tulimwita Sista. Siyo mtawa, jamani. Sista wa hospitali, wale wanaokufundisha kutembea upya ukishavunjika. Alizaliwa wapi, mume alikuwa nani, watoto wangapi, hayo mkamuulize mwenyewe. Mimi nilimkuta tayari mzee, tayari mkali, amestaafu, amesimama ukingoni mwa karo na sweta la kijani lililofumwa kwa mkono, ameshika ile reki ndefu ya mbao ya kukorogea kahawa. Nilidhani ni ya kunichapia. Sikukosea sana.

Kilichonipeleka kwake ni ujinga. Kwetu ni Chapwa, Tunduma, mahali malori ya Zambia yanapopanga foleni mpaka yanaota mizizi. Nikiwa darasa la sita tulikuwa na mashindano ya kuruka kutoka tela moja kwenda tela lingine. Niliruka vizuri sana, watu walipiga makofi. Kutua ndiko kulikonishinda. Mfupa wa paja la kushoto ulikatika kama kuni.

Wodini nilivutwa mguu kwa uzito uliofungwa kamba, wiki baada ya wiki, nimetundikwa kama nyama buchani. Siku ya kuruhusiwa daktari alimwambia mama, akidhani nimelala, kwamba mfupa umeunga lakini huenda nikachechemea maisha yangu yote. Mama yangu anauza mchele kwa Wazambia. Ana uwezo wa kubishana kwa Kinamwanga, Kibemba na Kiingereza ndani ya sentensi moja. Siku ile hakusema kitu katika lugha yoyote. Nilimsikia akikunja kanga yangu, anaikunjua, anaikunja tena.

Wiki hiyo hiyo nikapakizwa basi kwenda kwa bibi yangu, Itaka. Kuna Sista huko ana karo, walisema. Nilikuwa na mguu mmoja mzima na mwingine umekonda kama mwiko, na nilikuwa sijamwambia mtu yeyote kuwa nilisikia alichosema daktari.

Karo lenyewe lilikuwa la kuoshea kahawa. Kikundi cha wakulima kililijenga, kisha kikahamia kwenye mtambo mpya kule chini mtoni, la zamani likabaki linaota majani. Refu kama basi, la saruji, sakafu yake imelala mteremko: ukiingilia upande huu maji ni ya magotini, ukienda mwisho wa upande ule yanamfika mtu mzima kifuani. Sista alipoliona, wanasema, alilizunguka mara mbili akacheka peke yake. Hospitali alikotoka aliomba karo la aina hiyo miaka yote akawa anaambiwa mwakani, mwakani. Kumbe Mungu alikuwa amemjengea Itaka na kuliazima kwa kahawa.

Maji yalikuja kwa bomba kutoka kwenye chemchemi, ya baridi ya kukutoa ukoo. Mbozi mwezi wa sita siyo mahali pa mzaha. Kwa hiyo kulikuwa na mapipa mawili juu ya moto, na kila mgonjwa alikuja na ndugu yake na mzigo wa maganda makavu ya kahawa ya kuchochea. Sista alipima joto kwa kiwiko, kama mtu anayeogesha kichanga. "Bado." Pipa lingine. "Bado." Pipa lingine. "Haya, Paja, ingia kabla msuli haujabadili mawazo." Alisema msuli ni kama mgeni mwenye haya: ukimkaribisha kwa baridi anajikunja mlangoni, ukimkaribisha kwa vuguvugu ananyoosha miguu mwenyewe. Mimi nilitoka mle nimelainika kama ugali wa jana uliopashwa, nanuka kahawa iliyochacha. Harufu ile haikutoka kwenye saruji kamwe. Mpaka leo nikipita mahali wanapoosha kahawa, paja langu linajua kabla yangu.

Siku ya kwanza hakuniuliza inauma wapi. Alinifunga mkanda wa kitambaa kiunoni, akaushika kwa ncha ya reki, akaniteremsha mpaka upande wa kina kirefu. Magongo yakabaki ukingoni.

"Simama."

"Siwezi, Sista."

"Nani kakwambia?"

Nikatazama chini. Halafu nikagundua nimesimama. Kwa miguu miwili. Nilipiga kelele bibi yangu akadhani nimeungua.

"Usishangilie," akasema Sista. "Hapo siyo wewe uliyesimama. Maji ya kitovuni yanakubebea nusu yako. Ya kifuani, umebaki kipande. Ya shingoni hapo wewe ni kuku tu, hata mimi nakubeba. Kazi yangu ni kukurudishia uzito wako kidogo kidogo, mpaka uweze kuubeba mwenyewe mpaka Tunduma."

Ndiyo ilikuwa shule yake. Alikuwa amechora mistari ya rangi nyekundu kwenye ukuta wa karo. Ulianza mstari wa kina kirefu, na kila ukiweza kutembea sawa alikusogeza mstari mmoja kuelekea kina kifupi. Watu wengine wanapanda madarasa, sisi tulipungukiwa maji. Goti la Kulia alikaa mstari wa tatu mpaka tukasema atatahiniwa tena mwakani.

Na kuhitimu kwake hakukuwa kutoka majini. Hapo ndipo aliponiweza. Nilipofika mstari wa mwisho, natembea bila magongo, nilimuuliza kama nimepona. Alikuwa anakamua taulo. Akasema, "Mimi watu siwajui kwa sura, nawajua kwa mwendo. Wewe ukipita nyuma yangu nasikia: mguu mmoja unakanyaga, mwingine unaomba radhi. Siku utakayopita nikashindwa kujua ni nani, siku hiyo umepona. Nitakwambia mwenyewe."

Basi. Kila Jumapili mama anapiga simu, baada ya shikamoo na marahaba swali ni moja: "Sista amesemaje?"

"Bado."

"Haya."

Nilirudi shule Tunduma, kila likizo narudishwa Itaka, na kila likizo jibu ni lile lile. Shuleni waliniita Wimbo, kwa sababu ya mdundo wa mwendo wangu. Nilicheka nao. Mimi ni mtu wa kucheka nao. Ila nilikuwa nahesabu likizo.

Sasa niwaambie kuhusu kuelea, maana hapo ndipo Sista alipokutana na Itaka yenyewe.

Kwa watu wa kahawa, karo ni hakimu. Unamwaga kahawa ndani ya maji: nzito inazama, hiyo ndiyo ya kuuza. Ile mbovu, iliyoliwa na wadudu, tupu ndani, inaelea, nayo inachotwa na kutupwa pembeni. Kwa hiyo huko ukimwambia mtu mzima "wewe unaelea", umemtukana yeye na shamba lake. Sista hakuwa mtu wa huko. Akamwambia Mzee Nyonga, mkulima ambaye kahawa yake ilisifiwa tangu bibi yangu akiwa msichana, "Baba, leo lala chali uelee."

Karo zima tukageuka kumtazama mzee. Hata moto nadhani uligeuka.

"Nifanye nini?" Mzee akauliza.

"Uelee, Baba. Nyonga ipumzike."

"Mama, mimi nina miaka yangu. Sijawahi kuelea, baba yangu hakuelea, na kahawa yangu haijawahi kuelea katika karo hili hili ulilosimama."

Akatoka. Akavaa suruali juu ya nguo mbichi, akachukua fimbo yake, akaondoka akichechemea kwa heshima zote. Sista akatuangalia. "Nimesema nini?" Bibi yangu ndiye aliyemweleza, huku amejiziba mdomo kwa kanga. Ningeapa Sista angecheka. Hakucheka. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, muda mrefu.

Kesho yake alikwenda mwenyewe nyumbani kwa mzee. Mimi nilifuatana naye kubeba kikapu, na pia kwa sababu mambo kama hayo huwa sikosi. Alipiga goti mlangoni, akasalimia, akasema: "Baba, nilikosea neno. Nakuomba urudi karoni, uje unilalie juu ya maji."

Mzee akafikiri. "Kulala ni tofauti."

"Tofauti kabisa."

"Nikilala, nakuwa nimeamua mwenyewe."

"Ndiyo, Baba. Ile nyingine haiamui."

Akarudi. Tangu siku hiyo hakuna mtu Itaka aliyeelea. Tulilala juu ya maji, wote, macho yanatazama mawingu, masikio ndani ya maji yanasikia moyo wako mwenyewe kama mtu anatwanga nyumba ya pili. Sista alipita ukingoni akituhesabu kwa reki. "Nyonga kalala. Kiuno kalala. Bega, shingo hiyo! Paja, acha kutema maji kama chura." Nikifunga macho hata sasa naisikia sauti yake ilivyokuwa ikitufikia kupitia maji, nzito, ya mbali, kama inatoka chumba cha pili. Ukilala hivyo na mguu mbovu, mguu unasahau. Sina neno bora zaidi. Unasahau.

Alikuwa na namna ya kueleza kila kitu kwa vyombo vya jikoni. Mama mmoja mwenye miguu iliyovimba aliuliza kwa nini akisimama kwenye kina kirefu anatoka amepungua. Sista akachukua dumu bovu, akalitoboa matundu matatu, la juu, la kati na la chini, akalijaza maji. Tundu la juu likadondosha kivivu. La chini likarusha mpaka likamlowesha bibi yangu. "Mmeona? Maji yanabana chini kuliko juu. Miguu yako iko chini. Umevaa soksi ya maji, inasukuma uvimbe upande." Bibi yangu akasema angeweza kuelewa bila kuloweshwa.

Mimi somo langu lilikuwa haraka. Nilitaka kurusha mguu kama nachezea timu ya taifa. Nikipiga kwa nguvu, maji yananirudisha. "Unagombana na nani mle?" angeuliza. "Ukiyapiga yanakupiga. Yasukume taratibu, nayo yatakusukuma taratibu." Nilipozidisha fujo alinivika malapa mikononi niyapige makasia. Jaribu uone. Malapa mawili tu, na maji yanageuka matope ya masika. Mikono yangu ilipata misuli ambayo haikuagizwa.

Lakini huyu mtu alikuwa na mambo yake. Alihubiri maji kutwa, yeye mwenyewe hayanywi. Chai tu, ya tangawizi, vikombe visivyo na idadi. Alituogesha kwa vuguvugu, yeye alioga ya baridi saa kumi na moja alfajiri, anapiga kelele mpaka kwa jirani. Majini alikuwa na subira ya malaika, nchi kavu alimfokea kila mtu, hata mbuzi. Na jambo moja lilinichukua muda kulitambua: hakuwahi kuingia karoni. Kamwe. Kila kitu kwa reki, kutoka ukingoni.

Nilikuja kujua kwa nini, na najuta namna nilivyojua.

Nilikuwa nimemaliza la saba, likizo ile ndefu, nimechoka kusikia "bado". Nikaona nimchangamshe. Nikiwa kina kirefu nilipiga ukelele, nikarusha mikono, nikazama. Chini nikajibana kimya, nacheka kwa mapovu, nahesabu.

Maji yakapasuka. Sista alikuwa ndani. Na sweta, na viatu, na saa ya mkononi. Alinishika nywele akaninyanyua, na nilipofungua macho nimwonyeshe meno nikaona uso wake. Alikuwa anatetemeka, taya linagonga, ameng'ang'ania ukuta wa karo kwa mkono mmoja kana kwamba chini kuna shimo. Maji yalikuwa ya kifuani kwake tu.

"Sista, nilikuwa natania."

Kofi lililofuata lilitua bila kuzuiwa na maji yoyote.

Bibi alimvuta nje, akamvika blanketi. Saa ilikuwa imesimama. Baadaye, chai imeshuka, nilikwenda kuomba msamaha, na kwa mara ya kwanza nilikosa mzaha hata mmoja mfukoni.

"Sijui kuogelea," akaniambia, anatazama kikombe. "Nikiwa mdogo mto ulitaka kunichukua. Tangu hapo maji yakinizidi magoti, akili inanihama."

"Sasa kwa nini kazi hii?"

"Ulishaona mtu anaogopa mbwa? Anamjua mbwa kuliko mwenye mbwa. Mimi nimeyatazama maji maisha yangu yote, yanavyobeba, yanavyobana, yanavyosukuma. Anayeyapenda anaingia tu, hatazami." Akanywa. "Na usinifanyie tena."

Sikumfanyia tena. Ile ya kuzama, namaanisha. Uongo mwingine nilijaribu. Likizo ya kidato cha kwanza bibi alitaka twende wote kuchuma kahawa kuanzia asubuhi, nikaona mguu unifae kwa mara moja. Nikajikokota uani nikichechemea, uso umekunjwa, sauti ya wodini. Sista alikuwa amekuja kuazima chungu, amenipa mgongo, anamenya viazi na bibi. Hata hakugeuka.

"Paja. Mguu uliovunjika ni wa kushoto."

Nikaangalia chini. Nilikuwa nachechemea wa kulia.

Bibi alicheka mpaka kisu kikamponyoka. Nilichuma kahawa siku nzima, na wachumaji wote walikuwa wameshapata habari.

Halafu mambo yakaisha kama yanavyoisha, bila kuaga. Macho ya Sista yalianza kuingia ukungu. Alikuwa anapima joto kwa kiwiko kama kawaida, lakini mistari myekundu alianza kutuuliza sisi. Nilipoenda likizo ya mwisho wa kidato cha pili, karo lilikuwa kavu, mapipa yamelala ubavu, mende wanatembea pale nilipojifunza kusimama. Bibi akaniambia amechukuliwa na mpwa wake. Wapi? Mjini. Mji gani? Bibi hakujua. Mzee Nyonga alikuja kukaa ukingoni na fimbo yake, ambayo siku hizi anaibeba tu kwa ajili ya kunyooshea watu.

"Hakuniambia kama nimepona," nikasema.

"Mimi aliniambia," akajibu mzee, kwa majivuno kidogo. Akaniona uso. "Labda alisahau, mjukuu wangu."

Hakusahau. Yule hakuwa akisahau mguu wa mtu. Nilirudi Tunduma na "bado" yangu. Mama aliacha kuuliza. Hilo lilikuwa baya kuliko kuuliza.

Mwaka huu niko kidato cha nne. Sauti imekatika ikaota nyingine, ndevu ziko njiani. Juzi hapa mama alinituma kupeleka gunia la mchele kwenye duka moja huko huko Chapwa, nyuma ya foleni ya malori, mtaa ambao nimepita mara mia. Kibarazani alikuwa amekaa bibi mmoja kwenye kigoda, kikombe cha chai mkononi, sweta la kijani. Macho yake yalikuwa meupe kama maziwa.

Nilisimama nikiwa na gunia kichwani. Akapita kijana mmoja na kapu la ndizi. "Huyo kisigino," Sista akamwambia mwenye duka, ambaye ndiye mpwa wake. "Mwambie abadili viatu." Akapita dereva wa Kizambia, "Mulishani, ba mayo," akamsalimia kwa Kibemba. Alipovuka, Sista akasema, "Huyo mgongo. Anakaa sana kwenye usukani."

Nikaweka gunia dukani. Nikapita mbele yake taratibu, nasubiri. Hakusema kitu. Nikarudi. Kimya. Anapuliza chai.

"Shikamoo," nikasema kwa sauti yangu hii mpya ya debe.

"Marahaba, baba. Unatafuta nini? Unapita, unapita."

"Hunijui?"

"Nitakujuaje? Una mwendo wa watu wote."

Kwa muda nilihuzunika tu: huyu ndiye mtu aliyenishika nywele akanitoa majini, naye ananiambia mwendo wa watu wote. Kisha yakanifika aliyoyasema akikamua lile taulo, yakanifika mwilini kama maji ya pipa la pili. Lakini nilitaka anijue pia. Nilitaka vyote viwili. Basi nikafanya ninachokijua: nikajikokota mbele ya kibaraza, nikichechemea kwa bidii zote.

Kikombe kikasimama hewani.

"Paja!" akasema. "Mguu siyo huo, mjinga wewe! Ni wa kushoto!"

Nikaangalia chini. Kweli.

Alicheka mpaka chai ikamwagikia sweta, na mpwa wake akatoka mbio na kitambaa. Nilipiga goti, akanipapasa uso, mabega, akashuka mpaka pajani, akalibonyeza kwa vidole vile vile. Mimi nilikuwa na maneno mengi, ya karo, ya Mzee Nyonga, ya saa iliyosimama. Hakunipa nafasi.

"Inuka. Nenda mpaka kwenye yale malori, urudi. Mwendo wako wenyewe, bila mzaha."

Nikaenda. Madereva walinitazama. Sikukimbia, sikuruka, sikufanya kitu chochote cha kuchekesha, na sijui kama nimewahi kutembea umbali mrefu hivyo bila kuchekesha. Nilipogeuka nilimwona ameinamisha kichwa, sikio limeelekezwa barabarani, mkono umemzuia mpwa wake asiongee. Nikapita mbele ya kibaraza.

"We," Sista akamuuliza mpwa wake, kwa sauti ya kutosha nisikie, "nani huyo anayepita?"

Nikaendelea kutembea mpaka nyumbani kwa mama.